Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Dawa za ARV: Bei, Sheria na Maamuzi ya Kisiasa

Mengi yameandikwa kwa Kiswahili kuhusu namna VVU vinavyoambukizwa na namna ya kujikinga. Ukurasa huu unashughulikia jambo ambalo huzungumzwa kwa nadra zaidi, nalo ni siasa za dawa zenyewe: kwa nini dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zilichelewa kufika Afrika Mashariki, nani alizifanya zifike, na nani leo ana uwezo wa kuamua kama zitaendelea kufika. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

Dawa za ARV zilianza kupatikana lini duniani, na sisi tulizipata lini?

Dawa ya kwanza, AZT, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, lakini ikitumiwa peke yake nguvu yake haikudumu, kwa kuwa virusi viliizoea. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1996, pale watafiti waliokutana Vancouver, Kanada, walipoonyesha kuwa mchanganyiko wa dawa tatu unaweza kuvizuia virusi kuzaliana kwa miaka mingi. Katika muda mfupi wodi za Ukimwi za Ulaya na Amerika Kaskazini zilianza kupungukiwa na wagonjwa, na watu waliokuwa wamekwisha kuandaa wosia walirudi kazini.

Afrika Mashariki hali haikubadilika hivyo. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umeripoti wagonjwa. Hata hivyo serikali ya Tanzania ilianza kutoa ARV bila malipo mwaka 2004, na Kenya iliondoa malipo ya dawa hizo katika hospitali za umma mwaka 2006. Kati ya Vancouver na tarehe hizo ipo miaka minane kwa Tanzania na kumi kwa Kenya, na hiyo ndiyo miaka ambayo familia nyingi za ukanda huu zilizika watu wengi zaidi kuliko wakati mwingine wowote wa janga hili. Mtu aliyefariki mwaka 1985 aliuawa na ugonjwa ambao hapakuwa na aliyejua kuutibu. Aliyefariki mwaka 2001 aliuawa na ugonjwa ambao dawa yake ilikuwapo, ikiuzwa, na ikiwaokoa wengine mahali pengine wasife. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya kuandika ukurasa huu.

Kabla ya dawa kufika, wagonjwa walikuwa wanasaidiwa na nani?

Walisaidiwa na jamaa zao, na vikundi vilivyoanzishwa na watu walioguswa wenyewe. Nchini Uganda, Noerine Kaleeba alianzisha TASO mwaka 1987 pamoja na wenzake, baada ya kumpoteza mume wake. Tanzania ilipata WAMATA mwaka 1989. Vikundi hivi vilitoa ushauri nasaha, chakula, tiba ya magonjwa nyemelezi na huduma ya nyumbani, na vilikuwa shule ya watu ambao baadaye walisimama mbele ya mawaziri na mahakimu kudai dawa. Mwanamuziki Philly Lutaaya, aliyejitokeza hadharani mwaka 1989 na kuitumia miezi yake ya mwisho kuzunguka Uganda akizungumza na vijana, alifanya kazi ambayo hakuna wizara ingeweza kuifanya.

Kwa nini dawa zilikuwa ghali kiasi hicho?

Mwishoni mwa miaka ya 1990, matibabu ya mtu mmoja yaligharimu kati ya dola 10,000 na 15,000 za Marekani kwa mwaka. Wengi hudhani kwamba bei hiyo ilitokana na gharama ya kutengeneza vidonge. Haikuwa hivyo, na ushahidi ni kwamba vidonge vyenye kemikali zilezile vilikuja kuuzwa kwa sehemu ndogo mno ya bei hiyo, na viwanda vilivyoviuza havikufilisika.

Bei ilitokana na hataza, yaani haki ya kisheria inayompa mvumbuzi ukiritimba wa kutengeneza na kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Mwaka 1995, Shirika la Biashara Duniani lilipoanzishwa, nchi wanachama zilifungwa na mkataba wa haki miliki uitwao TRIPS, unaozitaka nchi zitoe hataza za miaka 20, zikiwemo za dawa. Nchi zinazoendelea zilipewa muda wa kujiandaa, na nchi maskini zaidi, miongoni mwao Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zimeongezewa muda huo kwa upande wa dawa hadi mwaka 2033. Kenya haimo katika kundi hilo, na ndiyo maana mapambano ya kisheria ya ukanda huu yalipiganwa zaidi Nairobi kuliko Dar es Salaam au Kampala.

Kampuni za dawa hujitetea kwamba bila hataza hakuna atakayegharimia utafiti. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini wagonjwa wa Kagera, wa Rakai nchini Uganda na wa Homa Bay nchini Kenya hawakuwa soko ambalo kampuni hizo zilitegemea kurudisha gharama za utafiti, kwa sababu katika bei ile hapakuwa na namna ya wao kununua. Kuwazuia wasipate dawa ya bei nafuu hakukumwongezea mtafiti yeyote fedha.

Nani alishusha bei?

Walikuwa wengi, na walitoka pande nyingi. Brazili ilipitisha sheria mwaka 1996 ya kuwapa ARV raia wote wanaozihitaji bila malipo, ikatumia viwanda vya serikali kutengeneza baadhi ya dawa, na hivyo ikathibitisha kuwa nchi isiyo tajiri inaweza kutibu. India nayo ilikuwa na sheria ya hataza ya mwaka 1970 iliyolinda njia ya kutengeneza dawa bila kulinda dawa yenyewe, kwa hiyo mtengenezaji aliyepata njia tofauti aliruhusiwa kuitengeneza. Chini ya sheria hiyo vilikua viwanda hodari vya dawa jenerika, yaani dawa zenye viambato vilevile zinazotengenezwa na wasio wavumbuzi wa kwanza.

Mwezi Februari mwaka 2001, Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla ya Mumbai alitangaza kwamba angeuza mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, bei aliyoitoa kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, na kwa dola 600 kwa serikali. Tangazo hilo lilivunja hoja nzima ya kwamba kutibu Waafrika ni jambo lisilowezekana kifedha. Kampuni zenye hataza zililazimika kupunguza bei zao, na ushindani ukaendelea kuzishusha: mwaka 2003 makubaliano yaliyosimamiwa na taasisi ya rais mstaafu Bill Clinton yalifikisha bei karibu na dola 140. Kidonge kimoja cha kila siku kinachotumika zaidi leo, kinachounganisha tenofovir, lamivudine na dolutegravir, kilipangiwa bei ya dola 75 hivi kwa mwaka mwezi Septemba 2017, na mwaka 2023 Mfuko wa Dunia, mfuko wa kimataifa wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria, ulitangaza kukinunua kwa chini ya dola 45.

Kesi ya Pretoria ilihusu nini, na inatuhusu vipi?

Mwaka 1997, serikali ya Nelson Mandela ilirekebisha sheria ya dawa ya Afrika Kusini ili nchi iweze kuagiza dawa kutoka popote zinapouzwa kwa bei nafuu. Mwaka uliofuata, umoja wa kampuni za dawa uliifungulia serikali kesi, na hatimaye walalamikaji wakawa kampuni 39. Marekani nayo iliibana Afrika Kusini kibiashara kwa sababu ya sheria hiyo, hadi wanaharakati walipoanza kumfuata Makamu wa Rais Al Gore katika mikutano yake ya kampeni ya mwaka 1999 wakimtaka ajieleze.

Ndani ya Afrika Kusini, shirika la Treatment Action Campaign, maarufu kama TAC, lilianzishwa mwezi Desemba 1998. Kiongozi wake, Zackie Achmat, aliyekuwa akiishi na VVU, alikataa kumeza ARV mpaka zipatikane katika hospitali za umma, ingawa angeweza kuzipata. TAC iliingia katika kesi kama rafiki wa mahakama, yaani mtoa hoja asiye mlalamikaji wala mlalamikiwa, maandamano yakafanyika katika miji mingi duniani, na mwezi Aprili 2001 kampuni zote ziliondoa shauri lao. Miezi saba baadaye, mawaziri wa biashara waliokutana Doha, Qatar, walitoa tamko kwamba mkataba wa TRIPS hauizuii nchi kulinda afya ya watu wake na kwamba kila nchi ina haki ya kutoa leseni za lazima, yaani ruhusa ya kutengeneza dawa bila ridhaa ya mwenye hataza. Tamko hilo linatuhusu moja kwa moja, maana ndilo liliondoa hofu ya serikali nyingi za Afrika, zikiwemo zetu, kwamba kununua dawa jenerika kungeziletea vikwazo.

Kenya ilifanya nini?

Hapa ndipo penye historia ambayo Waswahili wengi hawaijui, na wanastahili kuijua. Rais Daniel arap Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwezi Novemba 1999. Mwaka 2001, muungano wa vikundi vya wagonjwa, madaktari na mashirika ya kiraia ulilisukuma Bunge kupitisha Sheria ya Mali ya Viwandani yenye kifungu kinachoruhusu kuingiza nchini dawa halali zilizouzwa kwa bei nafuu kwingineko, bila kungoja ridhaa ya mwenye hataza. Mwaka 2002, marekebisho yaliyopenyezwa ndani ya muswada wa mambo mengine mengi yalidai tena ridhaa hiyo. Wanaharakati waliyagundua, wakapiga kelele, na marekebisho yakaondolewa.

Kisha ikaja Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008. Lengo lililotajwa lilikuwa jema, kwa maana soko lilijaa betri, nguo na vipuri vya kughushi, lakini tafsiri ya “bidhaa bandia” iliandikwa kwa upana uliowezesha dawa jenerika halali kukamatwa kama dawa ya kughushi. Watu watatu wanaoishi na VVU walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2009 wakidai kwamba sheria hiyo ingewanyima dawa zinazowaweka hai. Tarehe 20 Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu vilivyolalamikiwa vilihatarisha haki yao ya uhai, ya utu na ya afya kama zilivyo katika Katiba, na kwamba haki za wenye mali ya ubunifu haziwezi kutangulia mbele ya uhai wa raia. Serikali iliagizwa kuvitazama upya vifungu hivyo.

Dawa bandia ni dawa inayodanganya kuhusu kilichomo au ilikotoka. Dawa jenerika imesajiliwa, imepimwa, na inataja wazi mtengenezaji wake. Kuzichanganya hizi mbili, iwe kwa kutojua au kwa makusudi, kuna gharama ya maisha, na uamuzi wa Nairobi umenukuliwa na wanasheria wa nchi nyingine kwa sababu uliitenganisha mipaka hiyo kwa uwazi.

Je, ni kweli kwamba baadhi ya wakubwa wa mataifa tajiri walisema Waafrika hawawezi kutumia dawa hizi?

Ni kweli. Mwaka 2001, Andrew Natsios, aliyekuwa mkuu wa Shirika la Misaada la Marekani, USAID, alitetea msimamo wa kutotoa ARV Afrika kwa hoja kwamba Waafrika wengi hawajawahi kuona saa maishani mwao, na hivyo wasingeweza kumeza dawa kwa wakati. Kauli hiyo ililaaniwa, lakini mawazo yaliyofanana nayo yalikuwa yameenea kwa watu wenye lugha ya adabu zaidi, waliosema kwamba mifumo yetu ya afya ni dhaifu mno na kwamba tungesababisha usugu wa virusi duniani kote.

Jibu lilitoka kwa wagonjwa. Mwaka huohuo wa 2001, Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa ARV katika kitongoji cha Khayelitsha nje ya Cape Town na katika hospitali ya umma ya Homa Bay, Kenya. Mwaka 2006, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani ulionyesha kuwa asilimia 77 ya wagonjwa wa Afrika kusini mwa Sahara walifuata dozi ipasavyo, ikilinganishwa na asilimia 55 Amerika Kaskazini. Anayeamka alfajiri kwa adhana, kengele au jogoo hahitaji kufundishwa wakati na mtu aliye Washington.

Viongozi wa Afrika wenyewe walikuwa upande gani?

Hawakuwa upande mmoja, na uaminifu unatutaka tuseme mabaya pamoja na mazuri. Rais Yoweri Museveni aliuzungumzia Ukimwi hadharani tangu mwaka 1986, wakati viongozi wengi walikuwa wakiukana kwa kuogopa kupoteza watalii. Rais Benjamin Mkapa alitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwishoni mwa mwaka 1999, na Tume ya Kudhibiti Ukimwi, TACAIDS, ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Rais Jakaya Kikwete na mke wake Salma walipima hadharani katika viwanja vya Mnazi Mmoja tarehe 14 Julai 2007, wakaanzisha kampeni ya upimaji iliyowafikia mamilioni.

Kwa upande mwingine, Rais Thabo Mbeki wa Afrika Kusini alitilia shaka kwamba VVU ndivyo chanzo cha Ukimwi, na waziri wake wa afya, Manto Tshabalala-Msimang, alisifia kitunguu saumu, limao na kiazi sukari chekundu huku akizitilia dawa mashaka. Nchi yake ilizuia hata nevirapine, dawa ya kumkinga mtoto asiambukizwe wakati wa kuzaliwa, isitolewe nje ya vituo vichache vya majaribio, ingawa mtengenezaji alikuwa amejitolea kuitoa bure. Ilihitajika hukumu ya Mahakama ya Katiba ya tarehe 5 Julai 2002, katika kesi iliyofunguliwa na TAC, kuilazimisha serikali iitoe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba kuchelewa huko kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000.

Kwetu pia yapo ya kuungama. Mwaka 1990, serikali ya Kenya iliitangazia dunia dawa iitwayo Kemron kuwa mafanikio makubwa, na majaribio yaliyofuata hayakuona manufaa yake. Mwaka 2011, maelfu ya watu, wakiwemo mawaziri na wabunge, walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, na wapo wagonjwa walioacha ARV wakiamini wamepona. Sisemi haya kuwadharau waliokwenda. Mgonjwa ana haki ya kutafuta matumaini, ila kiongozi wa umma anayepiga picha akinywa kikombe anatoa ushauri wa kitabibu kwa nchi nzima, na ni wajibu wake kulijua hilo.

PEPFAR na Mfuko wa Dunia vilianzaje, na vilikuja na masharti gani?

Wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Abuja mwezi Aprili 2001 waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na hapohapo Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, akatoa wito wa kuundwa mfuko wa kimataifa. Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria ulianza kazi Geneva mwaka 2002. Mwezi Januari 2003, Rais George W. Bush alitangaza PEPFAR, mpango wa dharura wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, wa dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza. Tangu wakati huo Marekani imetumia zaidi ya dola bilioni 100 katika mpango huo, na hakuna mtu mwenye haki atakayebeza maisha ambayo fedha hizo zimeokoa.

Masharti yalikuwapo. Theluthi ya fedha za kinga ilitengwa kwa kuhimiza kusubiri hadi ndoa, hata pale ambapo wanawake waliokuwa wakiambukizwa walikuwa ndani ya ndoa tayari. Mashirika yalitakiwa kutia saini kiapo cha kupinga biashara ya ngono, jambo lililoyafanya mengine yaogope kuwahudumia wanawake waliohitaji huduma hiyo zaidi. Dawa nazo zilipaswa kwanza kuidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, na hilo lilichelewesha jenerika mwanzoni, ingawa baadaye zikawa ndizo nyingi zaidi.

Ni nini kilitokea mwaka 2025?

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe. Siku chache baadaye miradi ilipokea barua za kuacha kazi. Msamaha wa huduma za kuokoa maisha ulitolewa, lakini haukufika kila mahali kwa wakati, na kwa upande wa dawa za kujikinga kabla ya maambukizi uliwahusu wajawazito na wanaonyonyesha tu. USAID yenyewe ilifungwa rasmi kama taasisi inayojitegemea tarehe 1 Julai 2025.

Wengi huuliza kwa nini mtikisiko ulikuwa mkubwa hata mahali ambapo vidonge vilikuwa bado ghalani. Sababu ni kwamba vidonge ni sehemu moja tu ya tiba. Mshauri nasaha, karani anayetunza kumbukumbu, mtaalamu wa maabara anayepima wingi wa virusi, na mhudumu rika anayemfuata nyumbani mgonjwa aliyekosa miadi, wengi wao walilipwa na miradi na hawakuwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Walipoondoka, dawa ilibaki bila mtu wa kuifikisha.

Kwa nini serikali zetu hazijajilipia zenyewe?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na ni halali. Ahadi ya Abuja imetimizwa na nchi chache sana, na hata hizo si kila mwaka. Zimbabwe, pamoja na matatizo yake yote ya kiuchumi, ilianzisha mwaka 1999 tozo ya Ukimwi ya asilimia 3 ya kodi ya mapato, na imeendelea nayo. Tanzania ilianzisha kisheria Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti Ukimwi mwaka 2015, lakini kwa miaka mingi ulipata fedha kidogo kulinganisha na mahitaji. Baada ya mtikisiko wa 2025, bajeti ya mwaka 2025/26 ilileta mapendekezo ya ushuru na tozo za ziada, zikiwemo za mafuta na vinywaji, ili sehemu kubwa iende kwenye mfuko huo na nyingine kwenye bima ya afya kwa wote. Ni hatua ninayoiunga mkono, na wananchi wanayo haki ya kuuliza kila mwaka kiasi kilichokusanywa na kiasi kilichofika.

Fedha peke yake haitoshi endapo uongozi unayumba. Mwaka 2021, shehena ya ARV iliyotolewa na Marekani ilikaa bandarini Mombasa kwa sababu ya mvutano kuhusu kodi na kuhusu nani aaminiwe kuisambaza, huku wagonjwa wakipewa dawa za muda mfupi kuliko kawaida na wakiandamana barabarani. Dawa zilikuwa zimelipiwa na zimekwisha kuvuka bahari. Kilichozikwamisha kilikuwa ofisini.

Je, ARV zinatengenezwa Afrika Mashariki?

Ndiyo. Kiwanda cha Luzira jijini Kampala, kilichozinduliwa mwaka 2007 kwa ubia na Cipla, hutengeneza ARV na dawa za malaria. Nchini Kenya, kampuni ya Universal Corporation, yenye kiwanda eneo la Kikuyu, imepata idhini ya Shirika la Afya Duniani kwa kidonge kinachotumika zaidi sasa, na mwaka 2025 Mfuko wa Dunia ulinunua dawa zake kwa ajili ya Msumbiji. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mfuko huo kununua ARV za mstari wa kwanza, yaani zile anazoanzishiwa mgonjwa, zilizotengenezwa Afrika. Changamoto ni kwamba viambato vingi bado huagizwa kutoka Asia, na kiwanda hakiwezi kuishi bila serikali za jirani kukubali kununua kwake hata pale bei inapozidi kidogo.

Kwa nini tuwahudumie watu ambao sheria au jamii inawakataa?

Kwa sababu virusi havibagui, na kwa sababu nao ni watu. Tanzania ilikwisha kulielewa hili ilipoanzisha tiba ya methadoni, yaani dawa mbadala, kwa waraibu wa heroini katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, hatua ya kijasiri ambayo majirani waliiga. Miaka michache baadaye, mwaka 2016 na 2017, nchi hiyohiyo ilipiga marufuku usambazaji wa vilainishi vya kutumia wakati wa kujamiiana na kusimamisha vituo vya huduma rafiki kwa makundi yaliyo katika hatari kubwa. Mtu anayeogopa kukamatwa akienda kliniki haendi, na asipokwenda hatibiwi. Aliyetibiwa hadi virusi vikawa havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Hilo limethibitishwa na tafiti kubwa, na ndilo linaloifanya tiba ya kila mtu kuwa kinga ya wote.

Sindano ya kinga ya mara mbili kwa mwaka itatufikia lini?

Dawa inaitwa lenacapavir. Katika utafiti uliofanyika Afrika Kusini na Uganda, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2024, kati ya wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Marekani iliiidhinisha kwa kinga mwezi Juni 2025, ambako bei yake ni zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Kampuni ya Gilead imeruhusu viwanda sita vya jenerika kuitengeneza kwa ajili ya nchi 120 zenye kipato cha chini na cha kati, na mwezi Septemba 2025 yalitangazwa makubaliano ya kuiuza kwa dola 40 hivi kwa mwaka kuanzia 2027. Safari hii pengo kati ya ugunduzi na bei nafuu limekuwa fupi kuliko lile la miaka ya 1990, na sababu ni mapambano yaliyoelezwa hapo juu. Hata hivyo, baadhi ya nchi zilizoachwa nje ya leseni hizo, Brazili ikiwa mojawapo, ni zilezile ambazo raia wake walikubali kufanyiwa majaribio mengine ya dawa hiyo, na hilo si haki.

Nimesikia kliniki yangu itafungwa au itahamishwa. Nifanye nini?

Usiache dawa hata kwa siku chache, kwa sababu virusi huanza kuongezeka tena na vinaweza kujenga usugu. Nenda katika kituo chochote cha serikali kinachotoa huduma ya tiba na matunzo ukiwa na kadi yako ya kliniki, au kopo la dawa lenye jina lake ikiwa kadi imepotea, ukaombe kuhamishiwa hapo. Ukiwa bado na dawa, nenda kabla hazijabaki za wiki mbili. Ulizia pia kama unastahili kupewa dawa za miezi mitatu au sita kwa mara moja, utaratibu uliopo kwa wagonjwa ambao afya yao imetengemaa. Ukiambiwa dawa hakuna, uliza ni tangu lini na nani ameagiza, uandike jibu na tarehe, kisha ulipeleke kwa kikundi cha watu wanaoishi na VVU cha eneo lako au kwa mganga mkuu wa wilaya au, kwa Kenya, kwa ofisi ya afya ya kaunti.